Sista Aliyeuliza Saa

Kabla hajauliza jina la mgonjwa, Sista aliuliza saa. Ungefika kwenye kituo chetu cha afya na mzee wako kwenye kitanda cha kamba, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja unaning'inia, nyie mliombeba mnahema na mama mmoja nyuma yenu ameshaanza kulia, naye angemshika mgonjwa kiganja na kuuliza, "Mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi?" Watu walimchukia kwa swali hilo. Waliona ni dharau, kama mtu nyumba yake inaungua na wewe unamuuliza alinunua lini mabati. Mimi nilikuwa karani wa kituo, kazi yangu kuandika majina na kutafuta mafaili, na nilikaa meza ya jirani naye kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo nilikuwa nimelizoea. Hata hivyo iko siku swali lile lilinikuta mimi nimesimama upande wa wanaoulizwa, na sikulijibu kwa ukweli. Nitafika huko.

Jina lake silitaji kwa sababu hakuna aliyelitumia. Alikuwa Sista kwa wazee na Sista kwa watoto, na hata mganga mfawidhi aliyekuwa bosi wake alimwita Sista na kunyoosha koti anapomwita. Hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi msimamizi wa wodi yetu ya vitanda kumi na viwili, huku kati ya Madimba na mdomo wa Ruvuma, Mlutheri wa kutoka nyanda za juu, mfupi, mnene kiasi, mwenye mwendo wa mtu anayekimbilia kitu hata anapokwenda kunawa mikono. Saa yake ilikuwa ile ya wauguzi inayobandikwa kifuani na kuning'inia kichwa chini. Ilikuwa mbele dakika saba. Nilimwambia mara nyingi airekebishe.

"Hizo ndizo dakika zangu za kukimbilia," alinijibu. Kila alipoandika alitoa saba kichwani, na sikuwahi kumkuta amekosea.

Usidhani basi kwamba alikuwa mtu wa utaratibu. Jumapili aliingia kanisani wimbo wa pili umeshakwisha, anainama kupita kati ya watu kama mwizi wa kuku. Wagonjwa aliwalazimisha kulala giza likiingia, lakini yeye mwenyewe alibeba zamu za wenzake wenye watoto wachanga, halafu mchana ungemkuta kwenye benchi la nje kalala mdomo wazi na nzi wanamtembelea. Chai yake aliitia sukari vijiko vinne vilivyojaa. Siku moja nilimtania nikamwambia hiyo si chai, ni sharubati.

"Ubongo wangu haujaumia bado," akasema. "Siku ukiumia, ninyang'anye kijiko."

Hasira zake zilikuwa za karibu. Alinifokea asubuhi kwa faili lililopotea, na saa sita mchana akanikatia nusu ya muhogo wake kana kwamba aliyefokewa ni mtu mwingine. Mimi ni mtu wa kununa, naweza kununa siku tatu, na nilimwonea wivu kwa hilo.

Alikuwa na kauntabuku moja nene aliyoifunika kwa karatasi za gazeti. Ndani alipiga mistari kwa rula: mgonjwa wa kiharusi kaanguka saa ngapi, kala nini na lini, katokaje wodini. Alinieleza kwamba aliianza kwa sababu ya wazee wawili waliofika wiki moja. Umri wao ulikaribiana, na wote walipooza upande wa kulia. Mmoja alitoka akitembea kwa fimbo, mwingine hakuinuka tena, na yeye hakuweza kusema kwa nini. Jambo hilo lilimkera. Kwetu jibu lilikuwepo tayari: huyu kapigwa na upepo mwepesi, yule upepo mzito. Sista hakubishana na upepo hata siku moja.

"Sawa, upepo," alisema na kalamu mkononi. "Ulivuma saa ngapi?"

Taabu ni kwamba miaka ile ya tisini watu wenye saa kijijini kwetu walikuwa wachache, na wengi wa hao walizivaa zimesimama. Mtu alikujibu kwa adhana, kwa kengele ya shule, kwa lori la korosho lilipopita. Watu wa pwani walijibu kwa bahari: alianguka maji yalipoanza kupwa. Sista alimuuliza mtu mmoja, mara moja tu, maji huanza kupwa saa ngapi. Siku hiyo ilikuwa saa nne, akajibiwa saa nne. Basi kuanzia hapo kila aliyeanguka maji yakianza kupwa aliandikwa saa nne, akaenda hivyo mwaka mzima na zaidi. Ndiyo kosa la mtu wa milimani. Kwao maji yanakwenda upande mmoja tu na hayarudi.

Aliyemfumbua macho ni mama yangu. Mama alikuwa mchokoa pweza, tangu mimi sijapata akili, na siku hiyo alikuja kuoshwa kidonda cha mguu alichokatwa na mwamba. Alikaa kwenye benchi akamsikia Sista anaandika huku anasoma kwa sauti, kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Sista, hiyo saa nne umeitoa wapi?"

"Si ndiyo saa maji yanaanza kupwa, Mama?"

Mama alicheka mpaka akashika benchi kwa mikono miwili. "Leo saa nne. Kesho karibu na saa tano. Keshokutwa yamesogea tena. Bahari haina kengele ya shule, mwanangu we!"

Akamfundisha palepale, mguu wake ukiwa ndani ya beseni. Akamweleza bamvua, siku ambazo maji hukimbia mbali na mwamba wote kubaki nje, wanawake wakateremka na vyuma vyao vya kuchokolea. Akamweleza na siku nyingine. "Zikija siku za maji mafu, usiniulize kitu. Maji yanavutavuta tu, ntu hendi kokote. Pweza kajifungia ndani na mie nnajifungia ndani. Nnasuka ukili wangu wa mikeka."

Sista alifunga kauntabuku taratibu, akaiweka mapajani. Nilidhani atalia, maana mwaka mzima wa kazi yake ulikuwa umeharibika mbele ya watu. Hakulia. Wiki iliyofuata alipanda gari kwenda Mtwara mjini, akarudi na jedwali la maji kupwa na kujaa alilonakili kwa mkono wake bandarini, kurasa sita. Alilibandika ukutani juu ya meza yangu, na kila mwaka akawa analibadilisha. Kisha alikaa na mama Jumamosi tatu, mmoja anasoma, mwingine anakumbuka ilikuwa siku gani ya mwezi mwandamo, wakairekebisha kauntabuku mstari kwa mstari. Saa walizoshindwa kuzikumbuka alizifuta kabisa. Mama yangu hakujua kusoma, lakini Jumamosi zile alirudi nyumbani anatembea kama mwalimu.

Na zile zilizobaki zikajikusanya. Wengi walikuwa wameanguka kati ya adhana ya alfajiri na saa nne asubuhi. "Karani, njoo uone," aliniita, na sijapata kumwona mtu mzima amefurahia ukurasa kiasi kile. Halafu akakumbuka ni ukurasa wa nini, akaona haya, akaufunika kwa kiganja.

Maelezo yake aliyatoa kwa lugha ya kazi. "Mwili una zamu kama wodi," alisema. "Usiku kuna zamu yake. Presha inashuka, tumbo linapumzika, ubongo unasafishwa. Alfajiri zamu ya mchana inaingia: presha inapanda, ini linamwaga sukari kwenye damu ili uamke na nguvu, damu yenyewe inakuwa nzito kidogo. Sasa niambie, wodini kwetu vitu hupotea saa ngapi?"

Nilijua. Hupotea wakati wa makabidhiano.

"Basi na mwili ni hivyohivyo."

Nilimuuliza kama ubongo ulioumia usiku huumia sawa na ulioumia mchana. Alishuku kwamba si sawa. "Sijui," akasema, na neno hilo alilisema bila aibu yoyote, jambo ambalo sijalizoea kwa watu wa hospitali. "Atakuja anayejua. Sisi tuandike."

Alichokuwa na uhakika nacho alikifanya, tena kwa ubishi. Wagonjwa wake wa kiharusi alitaka wale mchana na wasiamshwe usiku kunyweshwa uji, hata kama ndugu wamekuja nao kutoka mbali. Tulipopata umeme wa jenereta, usiku alizima taa za wodi na kubaki na chemli moja mezani kwake. Asubuhi alivuta mapazia yote na kusukuma vitanda vielekee dirisha la mashariki. "Waonyeshe ni asubuhi," alisema. "Kichwa kilichoumia hakijui saa. Lazima kiambiwe."

Mwezi wa Ramadhani ulimsumbua, kwa sababu watu wa presha walikula daku na kusahau dawa, au walimeza za siku nzima kwa mpigo mmoja. Alasiri moja alijifunga mtandio akaenda kwa shehe wa msikiti wetu na kumwomba awatangazie watu wenye presha na sukari wapite kituoni kabla mfungo haujaanza, wapangiwe saa za dawa, na asiyeweza kufunga aambiwe. Shehe alimsikiliza mpaka mwisho. "Sista, mwaka huu utasilimu," akamwambia. "Na wewe shehe mwaka huu utapima presha," akajibu. Alipima. Ilikuwa juu, na tangu siku hiyo tangazo lilitolewa kila mwaka kwa sauti kubwa.

Sasa nifike kule nilikosema nitafika.

Nilikuwa nakaa na mama yangu, sisi wawili tu. Jioni moja tulikwaruzana juu ya paa la jiko. Mvua zilikaribia, makuti yalikuwa yameoza, naye akasema mkono wa karani ni mwepesi kwa kalamu tu. Nikanuna. Asubuhi nilitoka saa kumi na mbili, nikachukua baiskeli yangu, nikaupita mlango wake uliofungwa bila kubisha wala kumwamkia. Nilijiambia amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa uani, nyuma ya nyumba, amelalia ubavu wa kulia karibu na mtungi. Kati yangu na yeye palikuwa na ukuta mmoja wa udongo na labda hatua kumi. Jirani alimkuta ilipokaribia saa nne.

Walipomfikisha kituoni nilikuwa na kalamu mkononi. Niliona kwanza kanga, nikaitambua, halafu ndipo nikauona uso, na uso sikuutambua. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa nyuma ya kitanda anapiga mayowe. Majirani walijaa mlangoni. Sista akamshika mama kiganja, akamfungua jicho, akageuka.

"Mara ya mwisho ulimwona mzima saa ngapi?"

Ningesema sijui. Ningesema jana jioni. Lakini shangazi alikuwa ananitazama, na majirani wote, na mtoto anayeondoka nyumbani bila kumwamkia mama yake anaitwaje? "Saa kumi na mbili," nikasema. "Nilimwamkia. Alikuwa anachukua chuma chake aende pwani."

Sista alinitazama. Kisha akatazama ukutani, juu ya meza yangu. Kisha akaandika.

"Haya," akasema. "Shika miguu, tumpandishe."

Nilimsaidia mchana ule wote. Niliijua kauntabuku kuliko mtu mwingine yeyote baada yake. Nilijua kwamba matunzo yote aliyahesabu kutoka kwenye ile saa ya kwanza, na saa ya kwanza ilikuwa ya uongo. Tangu siku hiyo kila kidole cha mama kilichokataa kufunguka nilikiona kama nimekifunga mimi.

Sista alimtundikia dripu ya maji ya chumvi. Hapo shangazi alipandwa na mori. Kila mtu kwetu anajua mgonjwa aliyezidiwa hutundikiwa glukosi, ndiyo inayorudisha nguvu.

"Maji ya chumvi tunayo baharini!" alisema shangazi. "Hospitali tumefuata sukari!"

"Shangazi, ubongo ulioumia ukiujazia sukari unaumia zaidi. Ni kama kidonda unachokimwagia pilipili."

"Wewe huntaki wifi yangu apone."

Siku ya pili Sista alichukua mkojo wa mama, akautia kwenye kichupa na dawa ya buluu ya kupimia sukari, akauchemsha juu ya taa ya spiriti. Mgonjwa asiye na sukari, dawa hubaki buluu. Hii iligeuka kijani, ikaenda njano, ikaishia rangi ya matofali. Sista alikwenda kwenye kitanda, akainua godoro, akatoa pakiti ya unga wa glukosi ikiwa nusu na kijiko chake. Shangazi alikuwa anampaka kidogo kidogo ndani ya shavu kila muuguzi akigeuka. Nilitarajia radi. Badala yake Sista alimkalisha shangazi mbele ya ile taa, akachemsha mkojo wa shangazi mwenyewe, dawa ikabaki buluu, akaviweka vichupa viwili pamoja dirishani.

"Hiki chako, hiki cha wifi yako. Mimi na wewe tunamtaka apone. Nisaidie basi."

Shangazi alivitazama muda mrefu. Baada ya hapo akawa mlinzi mkali kuliko sisi wote, mtu akija na chupa ya soda anafukuzwa kutoka getini. Siku tatu baadaye dawa ilibaki buluu.

Mimi nilipewa kazi ya kugeuza. Kila saa mbili, kulia, chali, kushoto, mchana kwa usiku, ili mgongo usifanye vidonda. Sista alinionyesha namna ya kuweka mto chini ya bega, namna ya kuushika mkono uliokufa kana kwamba ni mzima. "Mwambie unachofanya," alisema. "Anasikia." Nikawa nazungumza na mama kuliko nilivyozungumza naye miaka mitano. Saa nne asubuhi, mwili ukishapata joto, ndiyo ilikuwa saa ya mkono. Tulimfungua vidole kimoja kimoja, kisha Sista akamwekea vipande vya ukili kiganjani, vile anavyovijua, akavifunga vidole juu yake na kusubiri. Wiki mbili hakuna kitu. Siku moja kidole gumba kikasogea, na shangazi akapiga vigelegele ndani ya wodi mpaka mtoto wa kitanda cha tano akaamka analia.

Maneno yalirudi wiki ya tatu. Ilikuwa asubuhi, mapazia wazi, jua limemfika kifuani. Midomo ilihangaika, kisha likatoka, zito lakini zima: "Maji yamekupwa?"

Sista alikuwa anapita na trei. Alisimama, akatazama jedwali kwa mbali kupitia mlango, akatazama saa yake kifuani, akatoa dakika saba. "Bado nusu saa, Mama," akasema. Halafu akatoka nje upesi, na nilimwona kwa dirisha anajifuta uso kwa pindo la aproni.

Mama alirudi nyumbani baada ya miezi miwili, mguu unaburuta kidogo na vidole viwili bado vikaidi. Nilikuwa nimeshaezeka jiko. Kuanzia siku hiyo sikutoka asubuhi bila kumwamkia, na kila nilipofungua mlango nilimkuta ameshaamka, amekaa kizingitini, ananisubiri. Nilidhani ni sehemu ya mazoezi.

Miaka ikaenda. Gesi ikaanza kuchimbwa Mnazi Bay, wageni wakaongezeka, barabara ikachongwa. Daktari mmoja kijana alipita kituoni kwa ukaguzi, Sista akampa kauntabuku, akaisoma yote akiwa amesimama. Alisema huko nje wapo wanaochunguza mambo hayohayo: kwamba kila chembe ya mwili, hata za ubongo, ina saa yake, na kwamba huenda saa ya kuanguka na saa ya kula zinabadilisha ukubwa wa jeraha. Alisema kwa tahadhari. Mengi, alisema, bado ni kwa panya.

"Panya ni wa usiku," Sista akamwambia. "Zamu zao ziko kinyume na zetu. Wamelikumbuka hilo?"

Daktari alicheka, akakiri kwamba ndilo wanalobishania. Sista alivimba kichwa wiki nzima. "Kwa hiyo sikuwa kichaa," alinikumbusha kila nilipoinua macho.

Alistaafu na hakurudi milimani kama tulivyodhani. Alipanga nyumba ndogo Ufukoni, pale mjini, akafuga kuku. Nilimtembelea kwa mara ya mwisho kabla hajahamia kwa mdogo wake, mwishoni mwa miaka ya elfu mbili. Mama alinituma nimpelekee pweza mkavu na ujumbe: kwamba sasa anajifunga kanga mwenyewe, fundo analikaza kwa mkono wa kulia, ule uliopooza. Sista alifurahi akanikalisha sebuleni, akaniletea chai. Ile saa ilikuwa kifuani, juu ya kitenge. Ukutani alikuwa na jedwali la maji la mwaka huo, ingawa hakuwa tena na mgonjwa wala na sababu.

Nilikuwa nimelibeba jambo langu zaidi ya miaka kumi na nikaogopa kwamba akihama nitalibeba mpaka kaburini. Nikalisema lote, la paa, la mlango, la hatua kumi. Nikamuuliza kama uongo wangu ndio uliomchukulia mama vidole viwili.

Aliinuka akaenda chumbani, akarudi na kauntabuku, gazeti la jalada limegeuka njano. Aliufungua ukurasa bila kutafuta. Palikuwa na ile saa yangu kumi na mbili, kwa penseli. Mbele yake, kwa penseli hiyohiyo, ameandika: *Maji mafu leo.*

Nilisoma mara mbili. Mimi, mtoto wa mchokoa pweza, kwa uongo wangu nilimtuma mama yangu pwani siku ambayo hakuna mwanamke wa pweza anayetoka nje ya mlango, na aliyelijua hilo ni mtu wa milimani, kwa sababu mama yangu alimfundisha.

"Kwa hiyo ulijua."

"Kabla sijamaliza kuandika. Na midomo yake ilikuwa mikavu, kanga ina mchanga uliokauka. Nilimhesabia kuanzia jioni ya jana yake. Uongo wako sikuutumia hata dakika moja, mwanangu. Vile vidole ni vya kiharusi, si vyako."

Chini ya penseli palikuwa na mstari wa wino, wa wiki kadhaa baadaye: *Alfajiri, akiteka maji ya udhu. Kasema mwenyewe.*

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia siku ile ungekimbia kwa aibu. Nilikuwa na muuguzi mmoja tu wa zamu na mama yako alitaka kugeuzwa kila saa mbili. Nilihitaji mikono yako kuliko ukweli wako. Ukweli nilikuwa nao ukutani."

Akanisogezea sukari.

"Na yeye je?" nikauliza. "Mama anajua?"

"Alikusikia ukitoa baiskeli. Maneno yaliporudi nilimuuliza kama nikuambie. Akasema, 'Mwache ntoto, ananigeuza vizuri.'"

Nilikumbuka kizingiti, na asubuhi zote zile nilizomkuta ameshaamka, ameketi, macho mlangoni. Niliinamisha uso kwenye kikombe mpaka chai ikapoa, na Sista akaniacha, akawa anafukuza kuku waliotaka kuingia ndani.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka mlangoni, kisha akasimama na kunitazama kwa jicho lake la kazini.

"Leo ulimwona mzima saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na robo," nikasema. "Nilimwamkia."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anachukua chuma chake aende pwani."

Sista aligeuka akaenda ukutani. Alipitisha kidole kwenye jedwali, taratibu, akashuka mpaka kwenye tarehe ya siku hiyo, akakituliza hapo.

"Bamvua," akasema, na akatafuta kalamu.